Dada Betri

Mke wangu alifariki, lakini bado anaongea katika nyumba za watu nisiowajua. "Betri inakaribia kuisha. Tafadhali zima taa moja." Alirekodi maneno hayo enzi kampuni ya sola aliyofanyia kazi ilipokuwa chumba kimoja, kwa sababu siku hiyo wenzake wote walikuwa na mafua. Wakayatia kwenye kila kisanduku cha betri walichouza. Wateja wanamwita Dada Betri. Wengine humjibu kabisa: "Nimekusikia, usinisumbue."

Mimi kazi yangu ni kuwekeza pesa za watu wengine kwenye nishati safi. Kampuni ile ilipokuja kuomba mtaji kwenye mfuko wetu, bosi aliniuliza kama nina mgongano wa maslahi. Nikasema sina. Hakuna fomu inayouliza kama marehemu mke wako ni sehemu ya bidhaa.

Ukaguzi ndio ulionimaliza. Nilipita nyumba hadi nyumba na fundi, nikiuliza taa zinadumu kiasi gani, na mwenye nyumba akiwa katikati ya jibu, mke wangu anadakia kutoka ukutani. Mara ya kwanza kalamu ilinidondoka. Baadaye nikawa navuta maneno makusudi, jua lizame, betri ichoke, nimsikie tena. Fundi alidhani mimi ni mchapakazi.

Ni yeye aliyenifungulia kisanduku kimoja na kunionyesha betri iliyovimba.

"Hizi za zamani zikiishiwa chaji kila mara, zinavimba," alisema. "Zikivimba, zinashika moto. Kuna nyumba zimeshaungua, bosi."

Basi sharti nililiandika mimi mwenyewe: pesa zitoke, lakini visanduku vyote vya zamani vikusanywe na kuwekwa vipya. Vipya havisemi kitu, vina taa ya kijani tu. Kamati ilipitisha bila ubishi, wakanipa mikono ya pongezi. Nikaenda chooni nikalia.

Kisanduku kimoja kikagoma kurudi. Mama mkwe alikuwa amewatimua mafundi kwa ufagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umefuata kisanduku, rudi ulikotoka."

Nikaingia hivyo hivyo. Jua lilikuwa bado kali nje, lakini sebuleni taa zote zilikuwa zinawaka, redio inahubiri, na televisheni inaonyesha mpira ambao hakuna aliyeutazama. Nikaelewa. Alikuwa anaimaliza betri kila siku ili mwanawe aongee. Kisanduku kilikuwa kimetuna ubavuni.

Nilitoa simu. "Mama, nimemrekodi. Utamsikiliza wakati wowote unaotaka."

Alisikiliza mara moja, akanirudishia. "Huyu wako anasema ukimbonyeza. Yule anasema mwenyewe."

Nikamweleza habari za moto. Nikamwambia nimeshamzika mtu mmoja wa familia hii, na wa pili siwezi. Akasogeza kiti chake kilichokuwa kimeziba ukuta.

"Fanya kazi yako, mwanangu."

Nilichomoa nyaya kwa mikono yangu. Betri ilikuwa bado ina nguvu, kwa hiyo mke wangu hakusema neno. Nikafunga kisanduku kipya, taa ya kijani ikawaka.

Mama akainuka, akawasha taa moja baada ya nyingine, redio, televisheni. Akaketi na kunionyesha nafasi kando yake.

"Hii inachukua muda gani kuisha?"

Betri ile niliichagua mimi. Katika nyumba ndogo kama ile haiishi kamwe, na hiyo ndiyo sifa niliyoitetea mbele ya kamati.

"Inachukua muda, mama."

"Tutamngoja. Hebu washa na feni."

Nikainuka, nikawasha feni.