Kiti cha Masjala

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi watu saba walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Benchi lilitosha watu watano. Binti wa fundi saa alikuwa wa saba, na nusu yake ilikuwa hewani. Huo ulikuwa usaili wake wa kumi na tisa, kwa hiyo alikuwa ameshazoea kukaa hivyo.

Nafasi ilikuwa moja: karani wa masjala, yaani mtu wa kupokea barua, kuziandika kwenye rejista na kuziweka kwenye majalada yake. Tangazo lilisema uzoefu si lazima. Karani aliyetangulia, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, alikuwa amestaafu miezi minne nyuma baada ya miaka thelathini na moja, na tangu siku hiyo barua zilikuwa zikirundikwa sakafuni kama nguo chafu.

"Dada, huu ni usaili wako wa ngapi?" aliuliza kijana aliyekaa ubavuni pake. Alikuwa amevaa viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na vumbi.

"Wa kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Mimi ndio wa kwanza." Akapunguza sauti. "Na sikutaka kuja. Mjomba kasema nije tu nionekane."

"Mjomba wako nani?"

Kijana alinyoosha kidevu kuelekea picha ya mkurugenzi iliyotundikwa ukutani. Pua ilikuwa ileile.

"Haya," alisema binti wa fundi saa. "Kwa hiyo sisi sita tumekusindikiza."

"Nisamehe, dada," alisema Mpwa, na alimaanisha.

Chumbani kulikuwa na jopo la watu watatu. Afisa utumishi ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kulia kwake alikaa mhasibu, mama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na asiyetaka ugomvi na mtu. Kushoto alikaa mjumbe kutoka makao makuu, ambaye alikuwa akichaji simu. Kiti cha wasailiwa kilikuwa kimevunjika wiki iliyopita, kwa hiyo mhudumu alileta kiti cha masjala chenyewe: cha mbao, chenye ngozi ya kahawia iliyochanika, na namba saba kwa rangi nyeupe mgongoni. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Karani mstaafu alikuwa akiuwekea karatasi iliyokunjwa mara nne.

Msailiwa wa kwanza alipokaa, kiti kiliinama mbele taratibu, kikamshusha sakafuni. Hakikumuumiza. Afisa utumishi aliandika: "Hajatulia." Wa pili kilimshusha kwa upande wa kushoto, na wa tatu kwa upande wa kulia. Wa nne alikuwa ameshasikia habari, akaomba kujibu akiwa amesimama, na mhasibu akamwongezea alama mbili kwa kujiandaa. Wa tano alishuka bila kulalamika.

Mpwa alipoingia, kiti kilirudi nyuma hatua tatu. Alikifuata. Kikaenda hadi dirishani, kikageuka, kikamwonyesha mgongo. Mwishowe Mpwa alikaa sakafuni, akakunja miguu viatu visichafuke, akajibu maswali akiwa hukohuko chini. Alipoulizwa kazi ya rejista alisema ni ya kuita majina darasani. Afisa utumishi alimsifu kwa kujiamini.

Binti wa fundi saa alipoingia, kiti kilitoka dirishani, kikaja katikati ya chumba, kikamgeuzia sehemu ya kukalia. Alisema asante, akakaa. Mguu mfupi ulifika chini bila karatasi.

"Endelea," alisema afisa utumishi bila kuinua kichwa.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ya vitendo. Kila msailiwa alipewa barua ishirini na dakika kumi, azipange kila moja kwenye jalada lake. Yeye alimaliza kwa dakika sita, kisha akazihesabu, kisha akazihesabu tena.

"Samahani, bosi. Ziko ishirini na moja."

"Ni ishirini."

"Ya ishirini na moja ni barua ya ajira ya karani wa masjala. Imeshasainiwa. Tarehe yake ni Jumatatu ijayo, kwa hiyo imewahi kidogo. Nimeiweka kwenye majalada ya siri. Ila haina kumbukumbu namba, na jina la pili la mwajiriwa limekosewa herufi moja."

Mhasibu alikunywa maji. Simu ya mjumbe ililia kuonyesha kwamba chaji imejaa.

"Mhudumu huyu anachanganya karatasi," alisema afisa utumishi.

"Inatokea, bosi. Nauliza tu, niihesabu?"

"Ihesabu."

Kila barua iliyowekwa mahali pake ilikuwa na alama tano. Kwa hiyo binti wa fundi saa alipata alama mia moja na tano kwa mia. Wote watatu waliandika hivyo kwenye fomu zao, wakasaini.

"Una swali lolote kwa jopo?" aliuliza mjumbe.

"Ninalo. Kama barua ilishasainiwa, mlituita tuje kufanya nini?"

"Swali zuri sana," alisema mjumbe. "Utaratibu unataka ushindani." Akamshukuru kwa kuja.

Baba yake alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa mbele ya nyumba. Macho yake yalikuwa yamechoka. Kwa mwaka mzima binti ndiye aliyeweka skrubu ndogo, yeye akishika taa na kujifanya anamfundisha. Wateja walianza kugundua. Alikuwa amemwambia binti yake kwamba siku atakayopata kazi ndiyo siku atakayofunga kibanda kwa mkono wake mwenyewe, kabla watu hawajamwonea huruma.

"Wamesemaje?" aliuliza jioni ile.

"Nimepata mia na tano, baba."

"Kwa ngapi?"

"Kwa mia."

Fundi saa alifikiri kidogo. "Basi hawakupi," alisema, akaendelea kupapasa bisibisi mezani.

Jumatatu Mpwa aliripoti kazini na barua yake. Jina la pili lilikuwa limeandikwa sawasawa, na kumbukumbu namba ilikuwepo.

Siku hiyohiyo saa kumi na nusu kiti cha masjala kilitoka. Mlinzi wa getini, mzee mwenye koti la mvua, aliandika kwenye daftari lake: "Kiti, kimoja, kutoka." Kiti kilipita kando ya barabara, kikasubiri magari kwenye kivuko, kikafika kwa fundi saa kabla ya jua kuzama.

"Nani huyo anachechemea?" aliuliza fundi saa.

"Kiti cha ofisini, baba."

"Kiingie ndani basi. Kisikae mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba."

Asubuhi mlinzi alikuja na Mpwa kukichukua. Binti alimwamkia mlinzi, naye akaitikia marahaba, mwanangu, na akafungua daftari. Kulikuwa na safu ya tarehe, safu ya sahihi na safu ya maelezo. Binti alisaini, na kwenye maelezo akaandika: "Kimerudishwa kikiwa salama." Mpwa akakibeba kichwani. Jioni kiti kilirudi. Jumatano Mpwa alikifunga kamba kwenye kabati la majalada, kikaja na kamba. Wiki iliyofuata alikifunga kwa mnyororo, kikaja na mnyororo pamoja na mpini wa kabati. Baada ya hapo waliacha kukifunga: kila asubuhi walikifuata, binti akasaini, na kila jioni kikarudi. Mchana kiti kilimkwepa, kwa hiyo Mpwa alifanya kazi akiwa amesimama, na alikuwa na umri unaoruhusu.

Mwezi wa pili ofisi ilimwandikia binti wa fundi saa barua ya onyo kwa kushikilia mali ya ofisi bila kibali. Alijibu kwa aya mbili: kwamba kiti hakishikiliwi, na kwamba mlango wa nyumba yao unafunguka pande zote mbili. Alinukuu kumbukumbu namba ya barua yao juu kulia, kama inavyotakiwa. Jibu lake lilipokelewa masjala, likarushwa sakafuni pamoja na mengine.

Mtu wa kwanza kukifuata kiti alikuwa mjane wa dereva. Mumewe alikuwa ameendesha gari la ofisi ile mpaka akafa, na yeye alikuwa amesimama kwenye dirisha la masjala kwa miezi mitano akitafuta jalada la marehemu. Kila siku Mpwa alimwambia kwa upole, "Mama, bado tunatafuta." Jioni moja aliona kiti kinatoka getini, akaona heri akifuate, maana huko ndiko kazi ilikokuwa inaelekea.

Alimkuta binti amekaa juu yake, anakaza skrubu ya saa ya mkononi.

"Mwanangu, nasikia kiti hiki ni cha masjala."

"Ndicho, mama. Unatafuta nini?"

Alipokuwa amekaa kwenye kiti kile, binti alijua kila jalada lilipo, kama mtu anavyojua lilipo sikio lake. Aliandika kwenye kipande cha karatasi: kabati la nne, rafu ya chini, nyuma ya ndoo. Kesho yake mjane alimpa Mpwa karatasi, Mpwa akapiga magoti, akasogeza ndoo, akalitoa jalada. Wote wawili walifurahi.

Baada ya hapo watu walikuja kila jioni. Kiti kilitangulia, wao wakafuata nyuma yake kwa mstari mmoja, wakipishana na baiskeli. Fundi saa aliwapangia matofali ya kukalia. Binti aliandika namba, watu walizipeleka dirishani, Mpwa alitafuta na kupata. Rundo la sakafuni lilipungua, kisha likaisha. Chini kabisa Mpwa alikuta jibu la binti wa fundi saa, akaliweka kwenye jalada la malalamiko, mahali pake hasa. Alikuwa anajifunza.

Mwisho wa mwaka ofisi ilimtangaza Mpwa kuwa mfanyakazi bora. Alikuja na cheti chake, siku hiyo bila mlinzi.

"Dada, hiki ni chako. Nimeona nikuletee."

"Kimeandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Limeandikwa sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi ni chako."

Mpwa aliviangalia viatu vyake. Havikuwa vyeupe tena. "Nilimwambia mjomba kila kitu, dada. Wallahi nilimwambia. Nikamwambia kazi unaifanya wewe."

"Akasemaje?"

"Akasema nina moyo mzuri. Akanipandisha cheo."

Binti wa fundi saa aliinuka kwenye kiti, akaingia ndani, akasimama jikoni akiwa ameegemeza paji la uso ukutani. Ukuta ulipata joto mpaka rangi ikatoka malengelenge. Aliporudi nje, Mpwa alikuwa ameondoka na cheti alikuwa amekiacha juu ya tofali. Fundi saa alikitumia kufunika saa za wateja zisiingie vumbi.

Nafasi ya karani wa masjala ilitangazwa tena. Safari hii ilihitaji uzoefu wa mwaka mmoja katika masjala.

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi watu saba walikuwa kwenye benchi la korido. Binti wa fundi saa hakulihitaji benchi. Alikuja na kiti chake kikitembea pembeni, akakikalia, na bahasha yake mapajani. Wajumbe wa jopo walipopita, msichana mmoja mwenye manukato alimwambia yule wa makao makuu, "Shikamoo, baba mdogo," kisha akajiziba mdomo.

Jopo lilikuwa limejiandaa. Walikuwa wamenunua kiti kipya cha plastiki, ambacho hakikuwa na maoni. Kiti cha masjala kiliambiwa kisubiri nje. Barua za majaribio zilihesabiwa mara tatu, na zilikuwa ishirini kamili.

"Tangazo linataka uzoefu," alisema afisa utumishi. "Unao?"

Aliweka mezani madaftari mawili aliyoazimwa na mlinzi. Yalikuwa na sahihi mia mbili na arobaini na moja, zote kwa mwandiko mmoja ulionyooka.

Mhasibu, aliyekuwa amebakiza wiki tatu, aliyafungua, akasoma kurasa kadhaa, akafumba macho. Kisha akayafunga.

"Huu ni uzoefu wa kurudisha kiti," alisema afisa utumishi.

"Na walionifuata mpaka nyumbani, bosi, walifuata nini?"

"Jibu swali uliloulizwa."

"Nimelijibu. Mmeniita mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mia na tano na mkasaini. Sitasema asante kwa kuitwa."

Mjumbe aliandika: "Ana hasira." Waliendelea na vitendo. Alipata mia kwa mia, maana barua zilikuwa ishirini tu.

Getini mlinzi alikuwa ameshafungua daftari jipya. "Saini hapa, mwanangu. Leo kimekuja chenyewe." Alisaini. Kwenye maelezo aliandika: "Kilikuja kazini."

Saa kumi na nusu kiti kilitoka na watu wake nyuma. Fundi saa alizisikia hatua, ndefu tatu na fupi moja, akapapasa tofali akajisogeza.

"Wamempa nani?"

"Binti wa ndugu yake mjumbe."

Baba yake aliwasha taa, ingawa yeye haikumsaidia tena, akaishika juu ya mikono ya binti yake. Kibandani zilikuwa zimebaki saa mbili, na moja ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mjane wa dereva. Jalada la marehemu lilikuwa limepandishwa ghorofani kusainiwa, na sasa hakuna aliyejua liliko. Binti alimwangalia. Alitaka kumwambia arudi dirishani, akasimame pale mpaka wamtafutie wenyewe. Mjane alikuwa amevua viatu na anajikanda miguu.

Binti wa fundi saa alikaa kwenye kiti, akachukua kalamu, akaandika namba. Aliiandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, ikachimba ubao wa meza, na vumbi la mbao likamwagika juu ya skrubu.

"Sasa nichukue karatasi au meza?" aliuliza mjane.

"Karatasi, mama. Meza nitabaki nayo."

Mjane aliikunja mara nne, akaitia kifuani, akavaa viatu. Aliyefuata akasogea.