Jiko la Shitala

Savita aliponyosha mkono kulikandika jiko kwa udongo mbichi, kaa lilimwunguza kidole. Hakulia. Alikitazama kidole, kisha akanitazama mimi.

"Mbeyu, hukumwaga maji?"

"Niliyafunika makaa kwa jivu, bibi. Mtoto ana homa, nikafikiri atataka maziwa ya moto."

Kwetu Kaloleni hakuna amwagaye maji mekoni. Makaa hufunikwa yakalala hadi asubuhi. Mama yangu alifanya hivyo maisha yake yote, na mikono yangu ilifanya hivyo bila kuniuliza.

Ilikuwa Alhamisi, Agosti 1944, katika nyumba ya karani nyuma ya stesheni ya Changamwe. Nilikuwa yaya, na umri wangu miaka kumi na tisa. Savita, mke wa karani, alizaliwa Mombasa, Kiswahili chake safi kuliko changu, lakini sikukuu ya Shitala aliitunza kama walivyoitunza wazee wake kule Gujarat, Bara Hindi. Siku hiyo hawawashi moto. Hula vilivyopikwa jana, baridi, na jiko husafishwa na kuombewa.

Sababu yake alinisimulia mwenyewe. Usiku wa kuamkia sikukuu, Shitala, mungu mama wa ndui, hupita nyumba kwa nyumba akijigaragaza kwenye majivu ya meko ili apoze mwili. Mke mmoja kijana alisinzia, moto ukabaki. Shitala akaungua, akalaani: nilivyoungua mimi, mwanao naye aungue. Kulipokucha mtoto alikuwa maiti. Mama akamtia kikapuni, akatembea hadi akamkuta kikongwe kando ya njia anajikuna kichwa. Akaketi, akamchambua chawa mpaka kikongwe akapata raha. Kumbe ndiye Shitala. Mtoto akafumbua macho.

Hasmukh, mwana wa Savita, alikuwa na miaka mitatu. Homa ilimwanza Jumatatu. Ijumaa, siku moja baada ya lile kaa, vipele vikatoka. Alikufa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Hawakumchoma, kwa kuwa aliyekufa kwa ndui huzikwa.

Siku ya tatu baada ya maziko nilimkuta Savita uani anasugua kikapu cha nguo.

"Twende wote," alisema. "Kutoka hapa hadi Miritini hakosekani bibi kizee."

"Bibi, mtoto amezikwa."

"Kwani yule wa hadithi alikuwa mzima?"

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga kwenda sokoni. Sikustahimili. Nikamweleza aliyoniambia Erastus, dresa wa zahanati, alipokuja kutuchanja: ndui haitoki mekoni. Mtu huipata kwa mtu, ikakaa mwilini siku kumi na mbili, ndipo homa ianze. Homa ya Hasmukh ilitangulia ule moto kwa siku tatu.

"Si moto, bibi. Si wewe, wala si mimi."

Hilo la "si mimi" nililisema upesi mno.

Nimefanya kazi ya unesi miaka ishirini na sita tangu hapo, na kila nililomwambia lilikuwa sahihi. Shitala angeweza kuombwa. Alikuwa na kichwa cha kuchambuliwa, na njia ya kumwendea. Mimi nilimpokonya Savita njia hiyo, nikampa hesabu.

Aliweka kikapu chini. Midomo ikaanza kumtembea. Alikuwa akihesabu kwa desturi yao, kidole gumba kikigusa pingili za vidole, moja baada ya moja, kikirudi nyuma kutoka Jumatatu. Nilidhani ananielewa, nikafurahi. Kidole kikasimama kwenye pingili ya kumi na mbili.

"Jumatano ile nilimpeleka stesheni," alisema. "Alitaka kuona askari wanavyoshuka. Mmoja akambeba, wakacheka wote wawili. Uso wa yule askari ulikuwa na vipele, Mbeyu. Nilidhani ni mbu."

Nilitaka kumwambia kwamba kumi na mbili ni makisio tu, huweza kuwa kumi, huweza kuwa kumi na nne. Dresa alilisema hilo pia. Lakini alikwisha kuukunja mkono aliohesabia.