Vidole vya Mama Povu

"Weka tena," afande alisema.

Mama Povu akaweka tena. Kidole cha shahada, mkono wa kulia, juu ya kioo kidogo chenye mwanga wa kijani. Mashine ikafikiri, ikalia tii, taa ikawa nyekundu. Hiyo ilikuwa mara ya sita. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshaanza kuguna, na mwanamume mmoja mwenye sanduku la magurudumu akasema, kwa sauti ya makusudi, kwamba wengine wana safari.

Ala! Na yeye je, alikuja kupunga upepo? Naye alikuwa na safari, ya kwanza tangu azaliwe, siku kumi na nne, na kila karatasi iliyotakiwa duniani ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni aliokuwa ameubana kwapani: pasipoti, viza, barua ya mwaliko, kadi ya chanjo, bima ya afya. Ng'ambo ya daraja, nyuma ya uzio wa waya, binti yake alikuwa amesimama tangu asubuhi na msichana wa miaka minne. Ni mjukuu wake wa pekee, na hajawahi kumgusa hata unywele.

"Jifute, Mama Povu. Labda una mafuta."

"Sina mafuta, afande."

"Basi jifute hivyo hivyo."

Akajifuta kwenye gauni. Afande alimjua, naye alimjua afande. Mwaka wa kumi na tisa huu Mama Povu alikuwa akifua nguo za kituo kizima cha mpaka, mashati, suruali, mashuka ya bweni la askari. Majina yao hakuyashika vizuri. Aliwajua kwa uchafu wao. Kulikuwa na Jasho, kulikuwa na Wino, kulikuwa na Mchuzi, ambaye hakuwahi kula bila kukikumbuka kifua chake. Huyu wa dirisha namba tatu alikuwa Kola Nyeusi. Shati lake moja lilikula muda wa mashati matatu ya wenzake. Kifungo cha pili kutoka juu, kile alichokuwa akikipapasa sasa huku ameikazia macho mashine, alikishona yeye.

Karatasi zile zilimla miezi saba. Njoo kesho. Njoo Jumatatu. Anayesaini ametoka. Picha yake ilirudishwa kwa sababu sikio moja halikuonekana. Akapiga nyingine, ikarudishwa kwa sababu alicheka. Kwenye pasipoti walimchovya dole gumba kwenye wino, likatoka doa tu, karani akalitazama, akapiga miayo, akalikubali. Alizunguka mpaka mabawabu wa ofisi wakawa wanamsalimia kama shemeji. Alivumilia yote kwa sababu binti hakuweza kuja huku: kibali chake cha kuishi kilikuwa kinakufa siku ile ile anapotoka nje ya nchi ile. Miaka sita tajiri wake hakumpa likizo. Mwaka huu alimpa, siku kumi na nne, hakuna ya kumi na tano. Basi mwenye miguu ya kwenda alikuwa mama.

Bima ndiyo ilikuja mwisho. Dada wa bima alimsomea maswali bila kumtazama.

"Presha?"

"Sina."

"Sukari?"

"Sina."

"Ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

"Labda hii mikono, mwanangu. Inapasuka. Kuna siku inawaka moto silali."

Dada akainua macho, akaitazama ile mikono, akayarudisha macho kwenye fomu. "Mama, hiyo ni kazi, si ugonjwa. Nikiandika hapa watakukataa na safari itakuwa ndiyo basi. Niandike?"

"Usiandike."

"Hana," dada alisema, akagonga muhuri.

Akatoka na kadi yenye jina lake. Alikuwa hajawahi kuwa na bima maishani. Sasa angeweza kulazwa, kupasuliwa, hata kubebwa kwa ndege, mradi tu augulie ng'ambo. Upande huu wa mstari wa njano wa mpaka kadi ile isingempatia hata kidonge cha kichwa. Alimwonyesha jirani yake, wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Basi nitaubana ugonjwa mpaka nivuke," alisema.

Ni jirani huyo huyo aliyemwambia kwamba mpakani siku hizi kuna mashine ya vidole, kwa hiyo aoshe mikono vizuri. Loo! Kumwambia dobi aoshe mikono! Jana jioni Mama Povu alichukua dawa ya madoa, kali, bila kuitia maji, akachukua na brashi ya kola, akavisugua vidole kimoja kimoja kama anavyoyasugua mashati. Hakutaka watu wa ng'ambo waseme mama wa fulani kaja na mikono michafu. Ilimchoma mpaka machozi yakamtoka, akaona fahari. Asubuhi vidole viliamka vyeupe, laini, vinateleza kama ganda la yai.

Sasa Kola Nyeusi alinyoosha mkono chini ya dirisha, akaushika wa Mama Povu, akaugeuza kiganja juu. Akainamisha kichwa.

"Hapa hamna kitu, mama. Mistari imekwisha."

"Imekwisha? Imekwenda wapi?"

"Wewe ndiye wa kujua."

Mama Povu akaitazama kola ya afande. Ilikuwa nyeupe pe.

"Afande, picha si ni yangu? Jina si langu? Wewe mwenyewe si unanijua?"

"Mimi nakujua. Mashine haikujui."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo." Mama Povu akasogea karibu. "Unaleta cheti cha daktari kwamba mikono yako ina maradhi. Hapo tunakuvusha bila vidole." Alikuwa akifunuafunua karatasi zake huku anasema, na alipofika kwenye bima akatulia. "Ila hapa umesema huna maradhi."

"Aliandika dada wa bima."

"Umetia saini wewe. Ukileta cheti, bima hii inakufa. Bila bima huvuki."

"Na nisipoleta cheti?"

"Huvuki."

Alichoka. Alichoka ghafla, mwili mzima, uchovu wa miezi saba uliokuwa ukimsubiri kwenye dirisha lile.

"Kwa hiyo nifanyeje, baba?"

"Ipumzishe mikono. Wiki tatu, usiguse maji wala sabuni. Mistari inarudi yenyewe."

"Viza ni siku kumi na nne. Imeanza leo."

Kola Nyeusi akazipanga karatasi, akazinyoosha pembe, akazirudisha kwenye mfuko wa nailoni kwa adabu. "Pole sana, Mama Povu. Ndio utaratibu." Na alisema kwa moyo, si kwa kumkejeli. Bora angemtukana. "Na ukitoka hapa upitie kule nyuma. Mzigo wa Ijumaa uko tayari. Kesho tuna mgeni mkubwa, mashati yanatakiwa asubuhi."

Alitaka kusema hapana. Lakini alijua langoni kuna wanawake wanaoulizia kazi ile kila mwezi, na alijua kwamba siku mistari ikirudi, ikiwa itarudi, dirisha ni lile lile na anayekaa ndani ni yule yule. Mwenye nguvu mpishe. Akampisha.

Karo la kufulia lilikuwa nyuma ya kituo, limekingwa na ukuta. Akafungua bomba, akamwaga sabuni, akalowesha shati la Kola Nyeusi kwanza kwa sababu ndilo linalochelewesha. Maji yalipoingia kwenye nyufa za viganja akauma meno. Simu ikalia. Akaibana kati ya sikio na bega.

"Mama, tumekuona ukitoka. Mbona umerudi huko? Wamesemaje?"

Akamweleza. Hakumweleza yote.

"Basi usiguse maji, mama!" Binti alidakia. "Hata kijiko usioshe. Mwambie jirani akupikie. Nitampigia magoti tajiri anisogezee likizo. Umesikia? Usiguse maji."

"Sigusi, mwanangu."

Kukawa na mvutano wa simu, kisha sauti ndogo. "Bibi, unakuja?"

"Nakuja, mke mwenzangu. Nitunzie nafasi kitandani."

Binti akairudia simu.

"Mama, mbona nasikia maji?"

Kola ilikuwa mkononi, brashi juu yake, povu limefika viwikoni.

"Mvua, mwanangu. Imeanza kunyesha huku."

Ng'ambo, hatua mia mbili tu, binti alikuwa amesimama kwenye uzio, amemfunika mtoto kichwa kwa kitambaa jua lisimchome. Akaliangalia jua.

"Haya, mama," akasema. "Usilowe."