Mpishi Apanda Teyuna

Kwa miaka kumi na tisa Eneida aliwapikia wageni wanaotembea siku nne msituni kwenda kuona Teyuna, mji wa kale ulio juu ya mlima, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuona. Siku ya tatu, wageni wanapopanda alfajiri, yeye hubaki kambini kando ya mto akimenya mihogo ya mchana. Wakisharudi na kula, huosha masufuria, hufunga mzigo, kisha huwafuata mbio na kuwapita njiani ili awahi kuwasha moto kambi inayofuata. Watu wengi aliwajua kwa migongo yao.

Safari hii ilikuwa ya mwisho. Daktari wa mjini Santa Marta alikwisha kumwambia goti la kushoto limechakaa, halina dawa ila kulipumzisha. Kwa siku mbili alitembea peke yake nyuma ya kundi, matope yakimfika vifundoni, akishuka makorongo kwa ubavu kama kaa, na wazo moja limemganda: akirudi nyumbani bila kupanda, hatapanda kamwe.

Siku ya tatu, wageni walipokuwa wakila mchana, alimwendea kiongozi wao, Wilfrido, ambaye alimjua tangu alipokuwa kijana wa kuswaga nyumbu.

"Leo nami napanda," alimwambia. "Nyinyi tangulieni. Cha jioni utapika wewe."

Wilfrido alicheka hadi akaweka sahani chini. "Mama Eneida, wali wangu hata nyumbu wanaususa. Na mji wenyewe umekaa miaka elfu bila kukuona. Ngoja safari ijayo; wiki mbili zaidi zitauumiza?"

"Mji una subira. Goti langu halina."

Wilfrido aliacha kucheka. Alilitazama goti, akautazama mto. "Nikusubiri?"

"Na wageni umwachie nani? Nenda, nitakuja polepole."

"Usipofika kabla ya giza nitarudi kukutafuta, na nitakusema mpaka uzeeke."

"Hilo umechelewa, mwanangu. Nenda."

Alivuka mto akiishikilia kamba. Ngazi zilianzia pale pale ukingoni, mawe membamba yaliyoota kuvu la kijani, elfu moja na mia mbili. Alipanda mguu wa kulia ukitangulia na wa kushoto ukiburutwa nyuma, kama mtoto anayejifunza. Kwa muda alisikia sauti za kundi ng'ambo ya bonde, kicheko cha Wilfrido kikizipita zote. Kisha zikakatika. Ukabaki mto, na baadaye mto nao ukanyamaza. Alikuwa amezoea kuwa nyuma ya watu. Hakuwa amezoea kutokuwa na mtu mbele.

Juu alikuta nyasi. Palikuwa na miduara ya mawe, mmoja juu ya mwingine, mahali palipokuwa na nyumba, na katikati ya kila mmoja nyasi. Wageni hushuka kutoka hapa macho yakiwang'aa, wengine wakilia. Alisimama akingoja jambo hilo limpate, lisimpate. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, na Eneida alijiona mjinga.

Akageuka atafute njia ya kushukia, akakosea, akatokea nyuma ya mduara mdogo. Hapo palikuwa na jiwe la kusagia, limelala kwenye majani makavu. Katika miaka yote, wageni walimsimulia habari za dhahabu na viti vya wakuu. Hili hakuna aliyemtajia.

Aliketi chini, mguu mbovu ameunyoosha. Akazoa majani, akakausha maji ya mvua kwa upindo wa aproni, kisha akapitisha kiganja kwenye sehemu ya jiwe iliyobonyea. Lilikuwa laini, limelika zaidi upande mmoja. Ni mahindi tu yanayoweza kulila jiwe hivyo, na mkono ule ule kila asubuhi.

"Kwako walikuwa wangapi?" alimwuliza mwenye mkono ule.

Akaondoa jani lililosalia pembeni mwa jiwe.

"Wangu leo kumi na wanne. Mmoja hali nyama. Mwingine anataka chai wakati wenzake wote wanakunywa kahawa. Wanakula, wanashukuru, wanakwenda zao. Na wako, je?"

Ukungu uliifunika miduara ya chini. Ilimpasa kushuka sasa ikiwa alitaka kuvuka mto kungali mchana. Alikaa bado kidogo, mikono mapajani, kama mgeni anayengoja mwenyeji wake amalize kazi ndipo waagane.