Bei Iliyobandikwa Kwenye Kioo

Nilisoma ile bei mara tatu na macho yakagoma kuikubali. Milioni kumi na mbili. Tarakimu nyeusi, kubwa kama sahani, zimebandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari jipya la viti viwili, lile la kufunua paa, rangi ya chungwa lililoiva. Nilikuwa nimetumwa filta ya oili tu. Nikabaki nimesimama nje ya duka la magari, filta mkononi, kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

La kwetu tulikuwa tunaliuza kumi na nane.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi magari, na mimi ndiye mkono wake tangu nilipoachana na shule. Miaka minne iliyopita tulilitoa gari nyuma ya ghala fulani. Viti viwili, la wazi, limenizidi umri, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Tukalifufua kidogo kidogo, jioni na Jumapili. Sakafu ilikuwa imeoza, kwa hiyo mjomba akakata bati na kuchomelea mpya, amelala chali chini yake wiki nzima, cheche zinamdondokea shingoni. Alipotoka huko hakunyooka tena. Sasa akiingia chini ya gari la mteja, mimi ndiye ninayemvuta miguu kumtoa, naye anatoka anacheka ili nisimwangalie usoni.

Daktari wa mifupa alimwambia achague, aache kulala chini ya magari au aache kutembea. Mjomba akaenda kuulizia mashine ya kunyanyulia, ile ya nguzo mbili. Gari linapanda juu, fundi anafanya kazi amesimama kama mpishi. Mashine ilikuwa kumi na moja. Spea tulizokuwa tumenunua zilikuwa kama saba. Akajumlisha, ikaja kumi na nane, na hiyo ndiyo ikawa bei ya gari. Haikutoka kwenye gari hata kidogo. Ilitoka kwenye mgongo wa mjomba, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

Mnunuzi tulikuwa naye. Daktari wa meno, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, viatu havijui vumbi. Alikuwa ameshakuja mara tatu. Kila akija anakaa kwenye kiti, anashika usukani, anafumba macho. Aliahidi kuleta hela yote Ijumaa. Siku niliyoiona ile bei ya dukani ilikuwa Jumatano.

Nilirudi gereji nikamwambia mjomba. Hakuinua kichwa. Aliniuliza kama nilihesabu sifuri vizuri. Halafu akasema basi hilo ni gari la plastiki, la kuchezea watoto, likipigwa jua mwezi mmoja linakunjamana, na nimpe hiyo filta. Lakini filta aliifunga mara mbili, zote mbili upande. Mjomba huyo huyo hufunga filta huku anaongea na simu.

Hapo ndipo nikapata akili yangu ya kijinga. Niliona kwamba daktari akilikuta lile gari peke yake, bei itamchanganya. Bora nimpeleke mimi mwenyewe, nimwonyeshe kila mahali walipobania. Akishaona zile sehemu, hamu itamtoka. Mjomba sikumwambia. Nilimpigia daktari nikamwambia kesho saa saba, muda wake wa chakula, kuna kitu nataka akione kabla hajatoa hela. Akashukuru. Akasema vijana waaminifu wameadimika.

Alhamisi tukaenda. Dada wa mauzo alitupokea vizuri, akimwita daktari baba, mimi hakuniita kitu. Nikaanza kazi yangu. Nilizunguka gari nikinyoosha kidole. Vioo vya milango ni vya kuzungusha kwa mkono. Tairi la akiba hakuna, kuna chupa ya gundi na pampu ndogo. Paa unalivuta mwenyewe mpaka jasho likutoke. Redio hakuna, kuna kishikio cha simu. Zulia jembamba kama leso. Yule dada alikubali kila kitu bila kubishana, na hilo ndilo lililonikera. Alisema ndiyo, hivyo vyote vimeondolewa makusudi ili hela iende kwenye injini, kwenye breki, na kwenye namna gari linavyokaa barabarani. Nikamwambia hayo ni maneno ya dukani.

Akanipa ufunguo. Akasema niendeshe mimi, baba akae pembeni asikilize.

Sijawahi kuendesha gari jipya. Yote niliyoendesha yalikuwa yanaumwa, ndiyo maana yalikuwa kwetu. Nikatoka nalo taratibu mpaka barabara kubwa, kisha kwenye kona ya kwanza nikalikanyaga kusudi. Nilitaka liyumbe, daktari ashike mlango kwa hofu. Halikuyumba. Lilipinda kama maji kwenye mfereji. Nikajaribu kona nyingine, nikiwa nimelikasirikia sasa, likapinda vilevile. Gia zinaingia kwa vidole viwili. Nikatafuta mlio, maana masikio yangu ndiyo yananilisha. Nikasikiliza milango, klachi, chini ya miguu. Kimya. Nikalipeleka kwenye ile njia ya mashimo nyuma ya kiwanda cha matofali, nikijua huko hakuna gari lisilolalamika. Likapita, halikusema kitu. La kwetu linalia hata kwenye lami.

Nilisimamisha pembeni. Kasoro za kutaja zilikuwa zimeniishia, na hilo kwangu halikuwahi kutokea. Gerejini huniita Mdomo.

Daktari akanigeukia.

"La kwenu nalipenda, unajua. Lakini wewe ndiye unayeyajua magari. Hela ingekuwa yako, ungechukua lipi?"

Nilimwona mjomba, miguu yake inachungulia chini ya gari la mtu. Uongo nilikuwa nao tayari, umeshakaa kwenye ulimi, nilikuwa nimeuandaa tangu jana. Nikashangaa kusikia sauti yangu inasema, "Hili."

"Kwa sababu ni rahisi?"

"Hapana. Hata wangeliandika kumi na nane, ningechukua hili."

Tulirudi, akaingia ofisini na yule dada, na kupitia kioo nikamwona anatoa kalamu mfukoni. Mimi nikarudi kwa miguu.

Nilimweleza mjomba nikiwa nimesimama mbali na spana. Nilimweleza yote, hata lile la kumi na nane. Nilitegemea kofi, kusema kweli nilikuwa nalitaka. Aliniuliza tu linakaaje kwenye kona. Nikamwambia. Akauliza breki. Nikamwambia. Akakaa juu ya pipa la oili, akafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akawa anarudia "kumi na mbili" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepewa habari za msiba na bado hajajua ni wa nani. Mwisho akasema kumpeleka nilikosea, kumjibu sikukosea, na sasa nitoke mbele ya macho yake mpaka kesho.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Spea. Huyu ni mama anayeuza vipuri vilivyotumika, na nusu ya gari letu imetoka dukani kwake. Habari alikuwa nazo tayari, sijui nani humpelekea. Alilizunguka gari letu na tochi ingawa jua lilikuwa juu. Akagonga sakafu kwa kisigino, akasema hiki ni chuma chakavu, cha kupima kwa kilo. Akasema kuanzia wiki hii gari zima litapata saba, tena tukimpata mlevi.

Kisha akaanza kutaja. Taa za mbele, zile za kioo kizito. Saa za dashibodi. Kabureta zote mbili. Usukani wa mbao, rimu nne, kioo cha mbele na fremu yake. Alisema kuna watu nchi za mbali wanayo magari kama haya na vipuri hawapati kabisa, wanamwandikia kila wiki wakibembeleza. Vipande tu, leo, hela mkononi, anatoa kumi na sita.

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

"Mama, hizo taa si nilizinunua kwako?"

"Nilikuuzia uchafu, mwanangu. Kuzing'arisha umezing'arisha wewe."

Nikaacha kucheka. Gari zima saba, gari lililovunjwa kumi na sita. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu kama mtoto, na bado ilikuwa hivyo. Nikamvuta mjomba pembeni. Nikamwambia tusikubali, tusubiri, yupo mtu mahali fulani atakayelitaka likiwa zima, miaka minne haiwezi kufunguliwa asubuhi moja. Nilisema mengi, mpaka nikaomba aniachie mwezi mmoja nitafute mnunuzi mwenyewe.

Mjomba alisubiri nimalize. Alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili, vile anavyoshika akiwa anasimama muda mrefu.

"Utampata. Naye atakuuliza lipi bora, kama alivyouliza daktari. Utamjibu nini?"

Niligeuka nikalitazama gari.

Akamwambia Mama Spea sawa. Hawakupeana hata mkono, Mama alishaanza kutoa bahasha kwenye mkoba. Mjomba akavuta kigoda, akakaa polepole, akaweka rundo la magazeti ya kufungia vitu mapajani, akaninyooshea spana namba kumi.

"Anza na taa," akasema. "Usikwaruze."

Kila boliti ya gari lile niliipaka grisi mwenyewe wakati wa kufunga, ili isije ikashika kutu. Ilinichukua Jumapili mbili kuikalisha taa ya kushoto ilingane na mwenzake. Nikaweka spana, nikavuta, nikijua itabisha. Haikubisha. Boliti zote nne zilitoka kama zilikuwa zinangoja kuitwa, na taa ikaniangukia kiganjani nzima nzima, nzito, kabla hata dakika haijaisha.

Mjomba aliipokea, akaigeuza mara moja kwenye mwanga, akaifunga kwenye gazeti.

"Ya pili," akasema.