Kibao Kilichopakwa Rangi ya Meli

Yaumara alipopiga simu kutoka Uhispania kusema anakuja kwa wiki moja, aliomba kitu kimoja tu.

"Baba, kile kibao cha namba cha lile gari letu bado unacho? Usimpe mtu. Nataka niondoke nacho."

"Kipo," alisema Nicomedes, na alikuwa bado anatafuta la kuongeza simu ilipokatika.

Kibao kilikuwa nyuma ya kabati la nguo, mahali alipokiweka marehemu mkewe, Mirta. Serikali ilipobadilisha namba za magari, kila mwenye gari alitakiwa kurudisha vibao vyake viwili vya zamani. Nicomedes alirudisha kimoja. Cha pili Mirta alikificha, akamfundisha mumewe aseme kilidondoka njiani. Baadaye Mirta akafariki, na gari, Plymouth iliyokuwa na umri mkubwa kuliko wao wote, likauzwa kwa mtu wa Jagüey Grande. Banda lake la kando ya nyumba lilibaki tupu. Nicomedes aliendelea kulifagia kila Jumamosi, akilizunguka doa la oili lililokuwa katikati ya sakafu kana kwamba gari bado limeegeshwa pale.

Alikitoa kibao, akakipeleka mlangoni penye mwanga. Aliona haya. Manjano yake yalikuwa yamepauka, kutu imetafuna pembeni, na kona moja ilikuwa imebonyea kwa ndani. Katika mtaa ule wa Versalles, juu ya ghuba ya Matanzas, kitu kikiharibika hakitupwi. Feni hupewa mota ya mashine ya kufulia, kiti hupewa mguu wa kitanda. Na hakuna mtu anayempa mwanawe kitu kibovu akipeleke Ulaya, watu wa huko wakione.

Basi akatoa nyundo na kipande cha mbao, akaanza.

"Nico!" Jirani yake Obdulia alichungulia juu ya ukuta, nywele zimefungwa kitambaa. "Unagonga nini tangu asubuhi? Umeamua kujiundia gari jingine?"

"Zawadi ya Yaumara."

"Zawadi ya bati? Wenzako wanawafungia watoto wao kahawa na ramu."

"Kaomba mwenyewe."

"Kwani Uhispania mabati yamekwisha?"

"Hebu niache nifanye kazi, mwanamke."

"Nikuache uende wapi? Hata gari huna," alisema Obdulia, akacheka peke yake. Lakini baadaye alimletea msasa kupitia juu ya ukuta.

Kona ilinyooka vizuri. Kutu ilitoka mpaka bati likawa jeupe. Rangi ndiyo ilikuwa taabu kuipata, hadi alipomkumbuka Evelio aliyefanya kazi kwenye karakana ya meli. Evelio alimpa kopo lililobaki na manjano kidogo chini.

"Paka nyembamba, mzee," alimwonya. "Hii ni ya meli. Bahari yenyewe imeshindwa nayo."

Nicomedes alipaka mara mbili, akangoja kila tabaka likauke, kisha akazifuata herufi na tarakimu kwa rangi nyeusi, akiwa ameshikilia pumzi. Alipomaliza alikiegemeza kibao mezani, akala maharage yake meusi akikitazama. Kwa muda mrefu hakuwa na mtu wa kula naye, na jioni ile aliona kama anaye.

Yaumara alifika na mabegi makubwa na nywele fupi. Alimkumbatia baba yake kwa nguvu, kisha nyumba ikajaa. Shangazi walikuja, na binamu, na watu waliosoma naye. Wote walikuwa na haki yao. Siku moja alilala kwa shangazi wa Cárdenas, siku nyingine wakampeleka pwani. Nicomedes alikaa kwenye kiti chake cha kubembea barazani, akisikia kicheko cha binti yake kikitoka chumba hiki na kile, akingoja zamu yake. Hakumlaumu mtu. Wiki moja ni kitambaa kifupi, na kila mmoja alikivutia upande wake.

Jioni ya mwisho wageni walipungua, wakabaki baba na binti tu. Nicomedes alikileta kibao kimefungwa kwa taulo.

Yaumara alifungua. Kilimeta kama kiini cha yai. Nicomedes alimwangalia usoni, kwa kuwa uso huo ndio aliokuwa akiungoja tangu siku ya simu. Ila mwanawe hakuangalia rangi. Kidole gumba chake kilipita pembeni, kikafika kwenye kona, kikasimama. Kikarudi, kikapita tena polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani katika nyumba anayoijua.

"Umekinyoosha," alisema.

"Kilikuwa kimebonyea."

"Najua, Baba. Mimi ndiye niliyekibonyeza."

Hapo ndipo Nicomedes alipokumbuka. Yaumara akiwa msichana, siku ya kwanza kushika usukani, Plymouth ikaenda polepole na bila haraka yoyote kuibusu nguzo ya taa mbele ya duka la mkate. Yeye baba mtu alifoka. Mirta alicheka mpaka akaketi ukingoni mwa barabara, amejifunika uso kwa aproni. Kwa miaka yote ile bonyeo lilikuwa pale pale, naye alikuwa ameshalisahau kisa chake, akaliona ni ubovu tu.

"Mama alikuwa akipita anaigusa ile kona," Yaumara alisema. "Kila alipotoka."

"Sikujua."

"Kimependeza, Baba. Kweli. Asante." Alisema kwa sauti ya mtu anayemshukuru muuza duka. Akakifunga tena kwenye taulo, akakilaza begini kati ya nguo zake, kwa uangalifu.

Kesho yake, kwenye uwanja wa ndege, walikumbatiana mbele ya mlango ambao wasindikizaji hawaupiti. Nicomedes alibaki nyuma ya kioo. Aliona mgongo wa binti yake ukisogea na foleni, kisha hakuuona tena. Aliendelea kusimama, maana nyumbani hapakuwa na la kuwahi.

Punde mlango ukafunguka, Yaumara akatoka na taulo mkononi. Nyuma yake alikuja afisa mmoja wa ukaguzi, mwanamume mnene mwenye jasho.

"Mzee, hiki kimetoka kwako?"

"Ni cha gari langu la zamani."

"Cha zamani kinameremeta hivi? Vya zamani mimi naviona, watalii wanavibeba kila siku kwa ukumbusho, vimeoza kutu, nawaachia. Hiki mtu akikifunga kwenye gari leo, linaingia barabarani. Siwezi kukiachia kitoke."

"Nilikipaka rangi mimi mwenyewe."

"Sasa kwa nini, mzee wangu?"

Nicomedes alimtazama binti yake. Jibu lilikuwepo, lakini halikuwa la kumpa mtu mwenye foleni inayomsubiri.

Afisa alipangusa shingo. "Haya. Kirudi nyumbani na mimi sijakiona. Muage binti, lakini upesi."

Wakabaki wamesimama, kibao katikati yao.

"Ningekiacha kilivyokuwa," alisema Nicomedes.

Yaumara alimtazama, mara akaanza kucheka. Kicheko kilimshinda, akajifunika uso kwa lile taulo, na Nicomedes akamwona akiinama kana kwamba sasa hivi ataketi chini. Alikuwa Mirta mtupu. Naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile wakicheka wawili peke yao.

"Kitunze," alisema Yaumara akifuta macho. "Usikiguse tena, tafadhali. Kiache kipate kutu, nitakuja kukichukua."

"Utakuja lini?"

Yeye akageuka kuangalia mlango. "Kikishapata kutu, Baba." Akambusu, akaingia.

Nicomedes alikitundika nje, kwenye ukuta unaotazama ghuba. Upepo wa kaskazini huupiga ukuta ule kwa chumvi. Bawaba za geti zilikuwa zimekwisha kuliwa, na nondo za dirisha la Obdulia, hata vijiko vya jikoni. Yeye aliyepigana na kutu maisha yake yote, sasa kila asubuhi alitoka na kahawa yake kuitafuta.

"Si ukipige nyundo kibonyee, yaishe?" Obdulia alimuuliza siku moja juu ya ukuta.

"Bonyeo langu halitakuwa lake."

Obdulia alikitazama kibao kidogo. Akarudi ndani.

Msimu wa mvua ulikuja ukapita. Yaumara alipiga simu, wakazungumza juu ya baridi ya huko na dawa za presha, na kabla simu haijakatika akauliza, "Kibao kinaendeleaje?"

"Kinaendelea," alisema Nicomedes.

Alitoka na kikombe cha maji ya chumvi, akakimwagia kibao, kama alivyokuwa akifanya kila siku. Alipitisha kidole gumba kwenye kona iliyonyooka. Maji yalitiririka, yakadondoka chini. Manjano yalikuwa yale yale, hayajapata hata doa.

Akavuta kiti cha kubembea, akakigeuza kitazame ukuta, akaketi.