Ala Nyekundu ya Hasani

Ala ya kisu haichaguliwi kwa rangi. Tena haibanwi kwa hofu. Hasani wa Kikole alikosea la kwanza, mama yake akakosea la pili, na makosa hayo mawili yalikutana Miteja mbele ya wakwe.

Mama huyo aliitwa Mwanaima. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na mama wa mtoto mmoja huona hatari hata kwenye mwiko. Enzi hizo za Mwingereza vijana wengi wa Kilwa walikwenda Lindi kukata mkonge. Hasani naye alikwenda, na siku aliporudi mama yake alimkagua vidole kabla ya kumpa maji ya kunywa. Vidole vilikuwa salama. Lakini ndani ya mzigo, kwenye kipande cha gunia, mlikuwa na kisu.

Kilikuwa kisu hasa. Kimefuliwa kwa springi ya lori, mpini wa mpingo, na makali yake yangeweza kunyoa ndevu. Kilikosa ala tu.

"Hiki ndicho cha Miteja," Hasani akasema.

Mwanaima alijua maana yake. Hasani alikuwa amemposa Mboni, binti wa mzee Likwata wa Miteja, na kwa kina Likwata mchumba hapewi siku ya ndoa mpaka apeleke mbuzi na amchinje mwenyewe uani kwao. Achinje kwa kisu chake, akichomoe kwenye ala iliyo kiunoni mwake, dakika ya mwisho, maana mnyama haonyeshwi kisu. Kwenda na kisu cha kuazima siku hiyo ni kama kwenda na suruali ya kuazima. Na juu ya hayo kulikuwa na watani. Mtani akiwahi kumpora mchumba kisu kabla mbuzi hajachinjwa, hufanya analotaka, wala hakuna wa kumshitaki.

Basi mama na mwana wakashuka Kivinje kwa Valentini, fundi wa ngozi, Mkristo mpole aliyekuwa akishona makubadhi na mikanda kibarazani. Valentini akakipima kisu kwa kiganja, akatoa ala ya ngozi nene ya ng'ombe, ndefu, isiyo na pambo lolote.

"Hiyo hiyo," Mwanaima akasema kabla mwanawe hajanyoosha mkono.

"Mama, hiyo si ya kuchungia mbuzi?"

"Kwani wewe Miteja unapeleka nini, ndovu?"

Lakini macho ya Hasani yalikuwa ukutani. Pale ilining'inia ala nyekundu, ina nyota za shaba na shada la nyuzi linalofika gotini. Valentini alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya jambia la mtu ambaye hakurudi kuichukua. Hasani akaitungua, akatumbukiza kisu. Kikaingia chote kwa mkupuo, kikalia ndani kama kokwa kwenye kibuyu.

"Inacheza," Valentini akaonya. "Mdomo wake mpana. Niachie nitie ngozi kwa ndani, ishike shingo ya kisu. Ngozi ikilowa hutii, ikikauka hushika. Ila ni kazi ya taratibu, mwanangu, kisu chenyewe lazima kivikwe kitambaa chenye mafuta kwanza, halafu..."

"Itaharibu nyota," Hasani akamkata kauli. Akaivaa hivyo hivyo, akatoka anatembea upande upande ili shada lipate nafasi.

Wangapi wameumia kwa njia hiyo! Kijana anachagua ala kama anayechagua kofia, anatazama itakavyoonekana, hatazami itakavyoshika.

Walipofika Kikole, Hasani aliinama kisimani amsaidie mama yake kutwika mtungi. Kisu kikateleza, kikageuka hewani, kikasimama wima kwenye tope katikati ya dole gumba la mguu wake na kidole cha pili. Mtungi ukamtoka Mwanaima mikononi.

"Kimenikosa," Hasani akacheka.

"Leo!" mama akasema.

Kesho yake Hasani alipokwenda kunyolewa, Mwanaima alijifungia ndani na ala ile. Alikuwa na ngozi mbichi ya mbuzi, ndoo ya maji na shazia ya kushonea mikeka. Maneno ya Valentini aliyakumbuka, lakini nusu tu, ile nusu iliyomfaa: ikilowa hutii, ikikauka hushika. Habari za kitambaa chenye mafuta zilikuwa zimepita sikio la pili. Akakata ukanda wa ngozi, akaulowesha ukawa laini kama utumbo, akauzungusha mdomo wa ala pamoja na shingo ya kisu, kisu kikiwa ndani, akashona. Akautazama. Moyo haukutulia. Akazungusha ukanda wa pili, safari hii akapanda nao mpaka juu ya mpini, akashona huku akivuta uzi kwa meno. Nani atakayempora mwanawe sasa? Aje!

Hasani aliporudi, kichwa kinang'aa, akaikuta ala yake ina shingo nene kama ya fisi.

"Mama! Hii nini?"

Hapo ndipo Mwanaima alipodanganya, na uongo wenyewe ulimtoka laini kama uji. "Kinga. Nimekipeleka kwa mwalimu Huseni, kimesomewa. Amesema kisichomolewe mpaka mbele ya mbuzi. Ukikijaribu njiani, kisomo kimevunjika."

Hasani hakuwa mwoga wa nyoka kifutu wala wa nyapara, lakini kisomo alikiogopa. Akaondoa mkono kwenye mpini upesi, kana kwamba umemuunguza.

Ubaya wa uongo ni kwamba una miguu yake wenyewe. Mwalimu Huseni ndiye aliyekuwa mshenga wa posa ile, kwa hiyo alisafiri nao. Njia nzima Mwanaima alitembea katikati yao, akimuuliza mwalimu habari za mihogo, za ngedere, za mvua, ili neno kisu lisipate mlango. Walilala Kivinje kwa jamaa, asubuhi wakaendelea. Jua lilikuwa kali. Liliipiga ngozi ile kiunoni mwa Hasani tangu Kikole, nayo ikawa inakauka, inajikunja, inang'ata.

Miteja waliwakuta watani wameshajipanga. Mbele yao alikuwa Kazija, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kuku, jirani wa Likwata na mtani wa ukoo wa Hasani tangu mababu.

"Karibuni, watumwa wetu!" akapiga kelele. "Mbuzi nimemwona, mchumba yuko wapi? Au ni huyu mwenye kichwa cha boga?"

Kabla salamu hazijaisha alimrukia Hasani kiunoni, akashika mpini kwa mikono miwili, akavuta. Kisu hakikutoka. Akavuta tena, Hasani akamfuata na mkanda wake kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

"Jamani, huyu nimemng'oa na mzizi wake!"

Watu wakacheka, Kazija akaachia kwa kuchoka. Mwanaima akajitanda kanga yake vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Hasani azaliwe mama yake kupumua mpaka chini.

Mbuzi akaletwa, akalazwa, akaelekezwa kibla. Mzee Likwata, mtu mkavu asiye na maneno mengi, akasimama karibu, mikono nyuma. Mboni alikuwa ndani na wenzake, jicho kwenye tundu la mlango. Hasani akapiga goti, akashika mpini, akavuta.

Kikagoma.

Akavuta tena. Akaweka goti juu ya ala, akavuta kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kijana mmoja akashika ala, mwingine akamshika Hasani kiuno, wakavutana kama wavuvi wanaokokota wavu wa jarife. Mbuzi akainua kichwa kuwatazama.

"Kisu kinaona haya!" Kazija akaanza. "Kirudisheni kwa mama yake kikanyonye!"

"Na siku yenyewe itakuwaje, bwana harusi?" mwanamke mwingine akadakia. "Utaita kijiji kizima kikusaidie kuvuta?"

Wanawake wakapiga vigelegele vya kejeli. Hasani, jasho likimtiririka, akajitetea kwa lile alilolijua. "Si hivyo! Kisu kimesomewa! Mwalimu Huseni amekisomea!"

Kicheko kikakatika. Likwata akageuka polepole. "Mwalimu, umekisomea wewe?"

Mwalimu Huseni akamtazama Hasani, akamtazama Mwanaima, aliyekuwa akimkonyeza kwa macho yote mawili. Lakini mwalimu alikuwa mtu wa kweli, maskini. "Mzee, kisu hiki nimekiona barabarani. Sijakisomea hata Bismillahi."

"Basi kimesomewa na nani?"

Watu waliokuwa karibu na Hasani wakasogea nyuma kidogo. Kisu kimesomewa, aliyekisomea hajulikani, na leo kimekataa mbele ya mbuzi wa posa. Mwanaima aliliona wazo lile likipita uso kwa uso, na alijua jina lake: uchawi.

"Mfungueni mbuzi," Likwata akasema.

Ndani ya nyumba msichana akashtuka kwa sauti. Maana kwa watu wa Miteja mbuzi wa posa akirudi na kamba yake, posa imekataliwa, wala hailetwi mara ya pili. Kijana mmoja alikwishaanza kufungua fundo.

"Shikamoo mzee!" Mwanaima akapaza sauti.

"Umeniamkia tangu ulipofika."

"Naamkia tena. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyekisomea. Kwa shazia." Ulimi ulishaondoka. "Hakina dawa, mzee, wala jini. Kina ngozi ya mbuzi, mbichi, nimeizungusha mara mbili. Kisu kilikuwa kinamponyoka, juzi nusura kimkate dole. Na nilimwogopa huyu Kazija asije akamwaibisha mwanangu. Nikabana. Kisha nikaona haitoshi, nikabana tena. Kisomo ni uongo wangu, ili asikiguse ngozi ikauke."

Likwata akaichukua ala, akaipeleka karibu na pua. Akanusa. Ilinuka mbuzi.

Aliyecheka wa kwanza ni Kazija, na alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanaima wewe! Umemfungia mwanao kisu kama mzinga wa asali! Leteni hapa, mtu mzima afungue."

Akachomoa kisu chake cha mboga, akapasua ngozi ile, ukanda wa kwanza, wa pili, akapita katikati ya nyota za shaba mpaka shada likaanguka chini. Hasani akafumba macho. Ala ikapasuka kama ganda la korosho, na kisu kikabaki kinametameta mkononi mwa Kazija.

Hapo kila mtu akakumbuka kwa pamoja. Mbuzi alikuwa bado hajachinjwa, na kisu cha mchumba kiko kwa mtani.

"Ninacho!" Kazija akasema taratibu, akikifurahia. "Sasa nataka mbuzi wangu. Na si huyu."

Akamvua Mwanaima kanga ya juu, akamfunga nayo mikono, akamketisha kwenye nguzo ubavuni mwa mbuzi, bega kwa pembe. "Mwenye mbuzi huyu amkomboe! Sitaki kuku, sitaki mchele. Nataka alie kama mbuzi, nijue kweli ni mwanawe."

Hasani akatazama mlango ambao Mboni yuko nyuma yake. Akatazama wakwe. Akatazama mama yake, kanga imemwendea upande, macho yanamwomba msamaha na wakati huo huo yanamwambia asisimame karibu na kile kisu. Akaweka mikono chini, akavuta pumzi.

"Meee!"

Mbuzi akaitika.

Likwata alijizuia, akashindwa. Akakaa chini pale pale mavumbini, akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, kofia ikamtoka. Alipopata pumzi akamnyooshea Hasani kidole. "Mpe kisu chake, Kazija. Mchinje, mwanangu. Wa kushoto, mwenye pembe."

Hasani akachinja, na akachinja vizuri, mkono mmoja, bila kusita. Mwalimu Huseni akamshukuru Mungu kwa sauti, Likwata akataja siku ya ndoa. Mwanaima alikuwa angali amefungwa, kwa kuwa Kazija alisema hajashiba kumtazama.

Ndipo mlango ukafunguka kidogo, na sauti ya Mboni ikatoka ndani, nyororo lakini haina woga. "Mama! Hiyo ala nyingine nitaishona mimi. Niibane, au niiache ipumue?"

"Mwali kasema! Mwali kasema mbele ya watu!" wanawake wakapiga kelele.

Mwanaima akamtazama mwanawe. Alikuwa akifuta kisu kwa majani, ncha imeelekea paja lake mwenyewe, mpumbavu yule.

"Bana ki..." akaanza.

Kazija akamziba mdomo kwa pindo la kanga.